Msema Pweke Hakosi: Maoni ya Wasomaji wa Vitabu na Jumuiya Yao

Kusoma kitabu ni kazi ya mtu mmoja, lakini kukipima ni kazi inayotaka wenzi. Katika miji ya pwani ya Afrika ya Mashariki utenzi ulisomwa kwa sauti mbele ya wasikilizaji, na wasikilizaji hao hawakukaa kimya kama mawe. Palipokuwa na neno la kale, aliyelijua alimfasiria asiyelijua. Palipokuwa na ubeti mtamu, uliombwa urudiwe. Na msomaji alipokwisha kukunja karatasi zake, mazungumzo ndipo yalipoanza. Msomaji wa siku hizi, aliyejifungia chumbani na riwaya yake, hana watu hao. Amalizapo ukurasa wa mwisho hubaki na jambo moyoni, na hutamani ampate mtu wa kumwambia. Tangu mwanzo wa karne ya 21 hamu hiyo imepata mlango mpya katika intaneti. Humo watu wasiopata kuonana maishani hukutana kwa ajili ya kitabu kimoja. Husifu, hulaumu, huhesabu vitabu walivyosoma, na wengine hufanya urafiki wa miaka mingi.

Jambo linalostahili kuchunguzwa ni hili: je, mkutano huo ni jumuiya ya wasomaji, au ni wingi wa watu tu? Wahenga walisema, Msema pweke hakosi. Hawakukusudia kwamba asemaye peke yake husema kweli, bali kwamba hapana wa kumkosoa. Maoni yasiyoweza kujibiwa hayana kosa, na kwa sababu hiyo hiyo hayana uzito. Wala wingi wa wasemaji hauondoi upweke, kwa maana watu elfu waweza kusimama katika uwanja mmoja, kila mmoja akasema peke yake. Kinachowafanya wasomaji wawe jumuiya si kukutana, wala si kukubaliana, bali ni kujibizana. Kipimo hicho, ambacho fasihi ya Kiswahili imekifahamu tangu zamani, chaweza kutumiwa kuipimia desturi hii mpya.

Kwanza desturi yenyewe ipewe haki yake. Mwaka 2005 Tim Spalding, wa Portland katika jimbo la Maine, Marekani, alianzisha LibraryThing, mahali ambapo mtu aliweza kuorodhesha vitabu vya nyumbani kwake na kuona ni nani mwingine mwenye vitabu kama hivyo. Mwaka 2007 Goodreads ilifunguliwa kwa watu wote. Na mwaka 2013 ilinunuliwa na Amazon, kampuni ambayo biashara yake ya kwanza ilikuwa kuuza vitabu. Katika Goodreads msomaji huandika alichokisoma, hukipa nyota tangu 1 mpaka 5, na akipenda huongeza maelezo. Tangu mwaka 2020 vijana wengi wamekuwa wakivisemea vitabu kwa filamu fupi fupi katika TikTok, na nguvu ya maneno yao imeonekana. Riwaya ya Madeline Miller iitwayo The Song of Achilles ilipigwa chapa mwaka 2011. Miaka kumi baadaye, mwaka 2021, ilirudi katika orodha za vitabu vinavyouzwa sana nchini Marekani, kwa kuwa wasomaji walionyeshana jinsi kitabu hicho kilivyowaliza. Haikuwa kazi ya mpiga chapa wala ya mhakiki wa gazeti. Kizuri chajiuza, na mara hii kilijiuza kwa vinywa vya waliokipenda.

Faida ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni ya yule aliye mbali. Mswahili aliyeko Muscat au Toronto, aliyelelewa katika lugha hii na kuipenda, si rahisi apate jirani aliyesoma kitabu kile kile alichokisoma yeye. Zamani mtu kama huyo alisoma akanyamaza. Sasa aweza kuuliza swali usiku akapata jibu asubuhi kutoka Tanga au Mombasa. Tena isisahauliwe kwamba baraza la kale, pamoja na sifa zake zote, lilikuwa na mlango mwembamba. Kibaraza cha nje ya nyumba kilikuwa mahali pa wanaume. Mwanamke aliyekuwa na maoni juu ya utenzi aliyasema ndani, na yaliyosemwa ndani hayakuandikwa na watu wa nje. Mahali pa kukutania pasipouliza jinsia, ukoo wala umri wa msemaji ni jambo la kushukuriwa, na mtu asilibeze kwa kupenda ya kale.

Hata hivyo chombo kinachotumiwa zaidi katika mikutano hiyo ni nyota, na nyota ina ila kubwa. Si kwamba ni fupi, maana hata neno fupi laweza kuwa na maana kubwa. Ila yake ni kwamba haina sababu ndani yake, na kisicho na sababu hakijibiki. Msomaji mmoja hukipa kitabu nyota 3 kwa kuwa mwisho wake ni dhaifu. Wa pili hukipa nyota 3 kwa kuwa hakuielewa lahaja ya wahusika. Wa tatu hufanya vivyo hivyo kwa kuwa kitabu kilichelewa kufika. Watu watatu wamesema mambo matatu, na hesabu imeandika jambo moja. Ubaya huzidi nyota zinapojumlishwa na kugawanywa. Wakiwapo wasomaji kumi, watano wakatoa nyota 1 kila mmoja na watano wakatoa nyota 5, wastani utakuwa 3. Hapana hata mmoja miongoni mwa kumi hao mwenye maoni ya nyota 3. Hesabu imewazulia wote maoni yasiyo yao, na jambo lililostahili kujulikana, yaani kwamba kitabu kimewagawa wasomaji wake, limefichwa.

Mfano wa jambo hilo hauko mbali. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020, alianza kwa riwaya zilizofuata njia iliyozoeleka ya kusimulia maisha ya watu: Rosa Mistika ya mwaka 1971, Kichwamaji ya mwaka 1974, Dunia Uwanja wa Fujo ya mwaka 1975, na Gamba la Nyoka ya mwaka 1979. Kisha akatoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, vitabu vyembamba ambavyo ndani yake wakati haufuati mstari, mahali hapana jina la kujulikana, na mhusika husafiri katika fikra kuliko katika nchi. Msomaji aliyempenda mtungaji huyu kwa sababu ya Rosa Mistika aweza kukifunga kitabu cha Nagona kwa hasira, akidhani amedanganywa. Msomaji anayependa maswali ya falsafa aweza kukisoma mara tatu. Wote wawili wana haki, na maneno yao yakikutanishwa yaweza kuzaa swali lenye faida: je, riwaya ya Kiswahili inamdai msomaji wake nini, na msomaji anaidai riwaya nini? Lakini nyota 1 ya huyu na nyota 5 ya yule haziwezi kukutanishwa. Zaweza kugawanywa kwa mbili tu.

Yafaa sasa kutazama jinsi maoni yalivyotolewa katika fasihi ya Kiswahili kabla ya nyota hizo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi yapata mwaka 1776 mpaka 1840, alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu katika siku za uadui wa miji hiyo miwili, zama za vita vya Shela. Ni kweli kwamba majibizano hayo yalikuwa ya siasa, wala hayakuwa ya kupima vitabu. Lakini desturi iliyomo ndani yake ndiyo inayohusika hapa. Mshairi aliyejibu hakuwa na ruhusa ya kusema analolitaka tu. Alipaswa kulishika neno la mwenzake, aligeuze, alijibu kwa bahari ile ile, na aonyeshe kwamba amelisikia sawasawa kabla ya kulipinga. Kusikia kulitangulia kujibu. Mtu ambaye hakusikia vizuri aliumbuka mbele ya watu, maana shairi la kwanza lilikuwa bado katika vinywa vyao.

Gazeti la Mambo Leo lilipoanza kutolewa Dar es Salaam mwezi Januari 1923 na Idara ya Elimu ya serikali ya Tanganyika, desturi hiyo iliingia katika karatasi. Kurasa zake za mashairi zilisomwa katika miji na vijiji vilivyo mbali sana na pwani, na watu waliokuwa wageni wao kwa wao wakaanza kufahamiana kwa majina na kwa mitindo. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, ni mmoja wa waliojulikana kwa njia hiyo kabla ya vitabu vyake kuenea. Mtu aliweza kuuliza swali la lugha kwa shairi, na jibu likaja katika toleo la baadaye kutoka wilaya nyingine. Haraka ya intaneti haikuwako, lakini hapana aliyejibu kabla ya kusoma, kwa kuwa muda ulikuwapo wa kusoma mara mbili.

Majibizano makubwa kuliko yote juu ya vitabu vya Kiswahili ni yale ya vina na mizani. Mwaka 1954 Amri Abedi, ambaye baadaye alikuwa Waziri katika serikali ya Tanganyika na ambaye alifariki mwaka 1964, alitoa kitabu cha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Humo alizipanga kanuni za shairi kwa uwazi, na kwa muda mrefu kitabu hicho kilikuwa rejeo la kila aliyetaka kujifunza. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1974, Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani yenye mashairi mengi yasiyofuata vina wala mizani ya kawaida, na akaeleza kwamba alitaka ushairi utumie lugha ya kawaida ya watu. Mabishano yalizuka katika magazeti, katika mikutano na katika madarasa. Wapo waliosema kwamba hayo si mashairi bali ni maneno yaliyokatwa vipande. Wapo waliosema kwamba vina na mizani ni vazi la ushairi wala si mwili wake. Mwaka 1979 Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi wakatoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, wakiutetea mtazamo mpya kwa hoja na kwa mifano.

Mabishano hayo yalikuwa makali, na baadhi ya maneno yaliyosemwa hayakuwa ya adabu. Lakini jambo moja katika vitabu hivyo linastahili kutazamwa kwa makini. Kitabu cha Amri Abedi kina sheria, na pamoja nazo diwani yake mwenyewe. Kitabu cha Mulokozi na Kahigi kina kunga, na pamoja nazo diwani yao wenyewe. Kila upande ulitoa hukumu na papo hapo ukaweka mali yake mezani ili ipimwe kwa kipimo kile kile ilichokitolea. Msomaji aliyetaka kumpinga Amri Abedi aliweza kufungua kurasa za diwani na kuuliza kama sheria hizo zimezaa shairi jema. Msomaji aliyetaka kuwapinga Mulokozi na Kahigi aliweza kufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo, ingawa hapana aliyeshinda kabisa, fasihi ilipata faida. Maneno kama mizani, vina, bahari na arudhi yalilazimika kuelezwa upya. Historia ya ushairi ilichunguzwa ili kuona kama kanuni zote ni za kale kweli. Na vijana walifahamu kwamba kupenda shairi hakutoshi, lazima mtu aseme kwa nini. Hayo hayakupatikana kwa kukubaliana.

Kutokana na mfano huo yaweza kusemwa kwamba maoni yanayojenga jumuiya yana dalili tatu. Ya kwanza ni kwamba msemaji amekisoma kitabu. Ya pili ni kwamba ametoa sababu inayoweza kukaguliwa ndani ya kitabu chenyewe. Ya tatu ni kwamba msemaji anajulikana, hata kama si kwa uso, ili anapojibiwa jibu lipate pa kufikia. Desturi ya intaneti ipimwe kwa dalili hizo.

Dalili ya kwanza imevunjwa hadharani zaidi ya mara moja. Mwezi Juni 2023 mtungaji wa Marekani Elizabeth Gilbert alitangaza kwamba angetoa riwaya iitwayo The Snow Forest, ambayo mambo yake yanatokea Siberia. Kwa muda wa siku chache mamia ya watu waliipa nyota 1 katika Goodreads, wengi wakilalamika kwamba hadithi ya Urusi haifai kutolewa wakati Ukraine imevamiwa. Tarehe 12 Juni mwaka huo huo mtungaji akatangaza kwamba ameiahirisha. Uchungu wa watu wa Ukraine ni wa kweli, na mtu aweza kuwa na hoja nzuri juu ya wakati wa kukitoa kitabu. Lakini hoja hiyo si hukumu ya kitabu, kwa maana kitabu kilikuwa bado hakijatolewa, wala waliokihukumu hawakuwa wamekiona. Chombo kilichowekwa kwa ajili ya wasomaji kilitumiwa na watu ambao hawajasoma, na chenyewe hakikuwa na njia ya kutofautisha.

Dalili ya tatu nayo ina hatari zake. Mwezi Desemba 2023 ilijulikana kwamba mtungaji mmoja wa Marekani, ambaye riwaya yake ya kwanza ilikuwa ikingojewa, alikuwa amejifanya watu wengi katika Goodreads, akakisifu kitabu chake na kuwapa nyota 1 watungaji wengine wapya. Waswahili wana msemo kwa mtu huyo, ya kuwa mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Ila zamani mwamba ngoma alikuwa mmoja na alionekana, ilhali huyu alikuwa mmoja akaonekana wengi. Mpiga chapa wake aliacha kukitoa kitabu hicho. Mtu asikimbilie kusema kwamba dawa ni kila msomaji kutumia jina la kuzaliwa. Ushairi wa Kiswahili una lakabu tangu zamani. Amiri Andanenga wa Tanzania alijulikana kwa lakabu ya Sauti ya Kiza, na wapenzi wa mashairi walijua ni nani anayesema kila walipoiona. Lakabu ya namna hiyo haikuwa kificho bali jina la pili, lenye heshima ya kulindwa na aibu ya kuogopwa. Tofauti haiko kati ya jina la kweli na jina la kupanga. Iko kati ya jina linalodumu na jina linalotupwa baada ya kutumiwa mara moja.

Dalili ya pili, yaani sababu, ndiyo yenye matumaini zaidi. Chini ya maoni marefu yaliyoandikwa kwa uangalifu wasomaji wengine huongeza yao, na wapo waliokubaliana kusoma kitabu kimoja kwa mwezi mmoja, sura kwa sura, wakiulizana njiani. Katika vikundi kama hivyo nyota husahauliwa. Mtu akisema kwamba mhusika fulani amechorwa vibaya, mwenzake humwuliza ni katika sura ipi. Naye hurudi kitabuni, na mara nyingine hurudi akiwa amebadili mawazo. Hapo ndipo baraza linapoonekana tena, na hapana ajuaye wala anayejali kama waliomo wako mtaa mmoja au mabara matatu. Kwa hiyo lawama haistahili kutupiwa chombo chote. Inastahili kutupiwa ile sehemu yake inayomfundisha msomaji kwamba amemaliza kazi kwa kubonyeza nyota. Watungaji nao hushauriwa wasishindane na wasomaji waliowapa nyota chache, na ushauri huo ni wa busara mahali hapo, kwa sababu nyota haina neno la kujibiwa, na mtungaji mashuhuri aweza kumwonea msomaji mnyonge. Lakini ni hasara kwamba busara imekuwa kunyamaza. Katika mabishano ya vina na mizani mtungaji aliyepingwa alitazamiwa ajibu, na majibu ya watungaji ni sehemu ya fasihi hadi leo.

Liko jambo jingine linalowahusu hasa wasomi wa Kiswahili, nalo ni lugha ya maoni yenyewe. Mahali pengi mashuhuri pa kukutania wasomaji pamejengwa kwa Kiingereza, na msomaji wa kitabu cha Kiswahili hujikuta akikipima kwa lugha ambayo kitabu hakikuandikwa. Si kosa la kulaumiwa, maana mtu husema kwa lugha atakayosikika kwayo. Lakini hukumu hubadilika pamoja na lugha. Mfano mwema ni kitabu cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Riwaya yake iitwayo Paradise ilitolewa kwa Kiingereza mwaka 1994, na mwaka 2022 ikatolewa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam kwa jina la Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Msomaji wa Kiingereza ayaonapo maneno ya Kiswahili ndani ya Paradise huyapokea kama wageni: yana ladha ya mbali, na baadhi yake humpita. Katika Peponi maneno hayo hayo yamerudi nyumbani, hayana ugeni tena, na sasa ni masimulizi yaliyoyazunguka ndiyo yanayopaswa kupimwa kama yanasikika kama kauli ya watu wa mwambao. Swali la kama kitabu kimepata au kimepoteza kitu katika kurudi huko ni swali zito la uhakiki. Halijibiwi vema na msomaji wa Paradise peke yake, na likijibiwa na msomaji wa Peponi kwa Kiingereza, nusu ya ushahidi wake itabaki nje. Lazima mtu aweze kuutaja usemi wenyewe na kumwuliza mwenzake, je, hivi ndivyo kwenu husemwa?

Mwisho ni juu ya kuhifadhi. Mashairi ya Muyaka yaliweza kupotea. Hayakupotea kwa sababu wapo waliosikia na kuyashika. Kisha Mwalimu Sikujua wa Mombasa akayakusanya, akasaidiana na mchungaji W. E. Taylor katika kuyaandika na kuyaeleza. Na mwaka 1940, miaka 100 hivi baada ya mshairi kufa, William Hichens akayatoa kwa jina la Diwani ya Muyaka. Kilichohifadhiwa hakikuwa mashairi tu, bali na maelezo ya watu wa Mombasa juu ya nani aliambiwa nini na kwa sababu gani. Maelezo hayo ni maoni ya wasikilizaji, na pasipo hayo beti nyingi zingekuwa fumbo. Maoni ya wasomaji wa intaneti yana mlinzi wa namna nyingine. Vikundi vingi vya wasomaji vilikuwa vikikutana katika Yahoo Groups tangu mwaka 2001. Mwezi Oktoba 2019 ilitangazwa kwamba yaliyoandikwa humo yangefutwa, na tarehe 15 Desemba 2020 mahali hapo pakafungwa kabisa. Mazungumzo ya karibu miaka 20 yalitoweka, isipokuwa yale ambayo watu wenye bidii waliwahi kuyanakili. Baraza la kale lilikuwa mali ya mtaa. Baraza jipya ni mali ya kampuni, na mwenye nyumba akitaka kuifunga hana haja ya kuwauliza waliokaa ukumbini.

Kwa hiyo iko kazi inayowangoja wasomi wa lugha hii. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1964, na tangu mwaka 2009 kazi zake zimeendelea ndani ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Kwa miaka yote hiyo wachunguzi wamekusanya maneno, hadithi na mashairi kutoka kwa watu. Yafaa maoni ya wasomaji wa vitabu vya Kiswahili yahesabiwe miongoni mwa mambo ya kukusanywa, kwa idhini ya waliyoyasema na kwa kuficha majina ya wanaotaka kufichwa. Mhakiki wa Chuo Kikuu anayeandika juu ya Nagona bila kujua ni wapi wasomaji wa kawaida walipopotea njia, naye ni msema pweke. Hapana atakayemkosoa, kwa kuwa wale ambao wangeweza kumkosoa hawasomi jarida lake, naye hasomi maneno yao.

Kukusanya peke yake hakutoshi. Msomaji wa Mtwara au wa Muscat aliyeandika aya tatu juu ya riwaya, akaeleza kilichompendeza na kilichomchukiza na akataja sura, amekwisha kufanya nusu ya kazi ya uhakiki. Nusu ya pili ni ya yule atakayemjibu kwa Kiswahili, kwa adabu, na kitabu kikiwa kimefunguliwa mbele yake.